Mkwe Nyuma ya Minyaa

Mayala aliporudi kutoka Uingereza, mtaa mzima wa Mabatini ulimcheka. Mwanamume kaenda ng'ambo miaka minne, kala viazi vya kuchemsha mpaka mashavu yakaingia ndani, halafu anarudi na cheti kinachosema nini? Eti anajua kukanda watu. Akina bibi walishika viuno. Kukanda ni kazi anayoijua kila mwanamke aliyewahi kumhudumia mzazi, maji ya moto na kitambaa, tena bila kumwonyesha mtu karatasi yoyote. Wakampa jina la Bwana Mkandaji, na jina likamganda kama gundi.

Mkewe, Kashindye, aliyemwoa baada ya kurudi, naye alicheka, lakini aliacha mapema kuliko wengine. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake katika hospitali ile ile ya serikali alikofanya kazi mumewe, na yale aliyoyaona aliyaona kwa macho yake. Alimwona mvuvi wa Nansio aliyeshushwa melini kwa machela akiondoka kwa miguu yake mwenyewe baada ya miezi miwili. Hapo hapakuwa na maji ya moto wala kitambaa. Palikuwa na mtu anayejua ni msuli upi uliolala na ni upi unaojifanya umelala, na ana subira ya kuuamsha kidogo kidogo kila siku.

Tatizo la Mayala lilikuwa wanawake. Wakimwona anakaribia kitanda, wanavuta shuka hadi kidevuni. Wasukuma, Wakerewe, akina mama wa Kiislamu wa mjini, wote walikuwa kitu kimoja katika hilo. Mayala hakuwalaumu. Alimsimulia mkewe jinsi mwaka wake wa kwanza wa kazi kule, cheti kikiwa bado kinanukia wino, mzee mmoja mchimba makaa ya mawe alivyokataa katakata kushikwa na mkono mweusi. Wiki tatu mzee yule akalala na goti lake limekakamaa, mpaka siku moja akachoka mwenyewe, akasema haya, njoo. Tangu siku hiyo Mayala alijua kwamba mwili wa mtu una mwenyewe, na daktari ni mgeni tu anayebisha hodi.

Daktari mkuu wa hospitali, Mwingereza, naye aliliona tatizo hilo akasema anatakiwa mwanamke. Kashindye alikuwa na darasa la nane la shule ya misheni na Kiingereza cha kutosha. Mume na mke wakajaza fomu pamoja, na mwezi wa Septemba mwaka 1961 barua ikaja. Amekubaliwa. Miaka mitatu, chuo kile kile cha mumewe, awe amefika katikati ya Januari. Kashindye aliisoma barua ile mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika. Jamani, alitaka kwenda. Alitaka mpaka akaona haya, kwa sababu alikuwa hajazaa bado na majirani walikuwa wameshaanza kuuliza kwa sauti anasubiri nini.

Mwezi wa Oktoba, mvua za kwanza zilipoanza kudondoka, mama yake, Ng'washi, alianguka shambani kwake Kisesa akiwa na jembe mkononi. Jirani yake, mwanamke mmoja aitwaye Kija, ndiye aliyemwokota. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na upande wote wa kushoto wa mwili umelala. Kiharusi. Baba alikwisha kufariki, na Kashindye alikuwa mtoto wa pekee aliyebaki.

Hapo ndipo mambo yalipokorogeka. Hospitali ilikuwepo, tena si mbali. Mganga wa viungo alikuwepo, pekee kwa upande wote ule wa ziwa. Lakini mganga huyo alikuwa mkwe wa mgonjwa. Na kwa Wasukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani ovyo. Mkwe akija, mama anaingia ndani. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Mwaka mmoja na nusu wa ndoa, Mayala alimjua mama mkwe wake kama sauti nyuma ya ukuta na ugali unaoletwa umefunikwa. Basi mtu kama huyo amshike paja, amkunje goti?

Ng'washi, na mdomo wake uliopinda, alijitahidi mpaka maneno yakatoka. "Mkwe wangu anione nimelala chali? Nizikeni kwanza."

Wapo waliosema huo ni ushamba. Waliosema hivyo sijui kama wamewahi kulala kitanda cha wodi ambapo mkwe wao anapita na viatu asubuhi na jioni. Kashindye hakubishana na mama yake hata neno moja. Aliomba likizo, akaamua kuwa yeye ndiye atakayekuwa mikono ya mumewe.

Kwanza alifundishwa. Katika chumba chao cha Mabatini Mayala alitandika mkeka, akalala, akawa mama mkwe. Kule Uingereza, alimwambia, mwanafunzi ndiye mgonjwa wa mwanafunzi mwenzake. Wanabaki na kaptula, chumba kizima, wanashikana misuli na kuitaja majina, na atakayecheka anatolewa nje. Kashindye angetolewa siku ya kwanza. Mumewe alilegeza mkono na mguu wa kushoto, akavuta mdomo upande, akawa mzito kama gunia la pamba, na mkewe akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akaacha kucheka, akaanza kujifunza. Alijifunza kushika chini ya bega na kamwe asivute mkono. Alijifunza kumgeuza mtu bila kumburuta. Zaidi ya yote alijifunza kungoja.

"Usimfanyie," Mayala alisema akiwa amelala pale chini. "Mwambie, halafu msubiri afanye mwenyewe. Hata kama ni kidole tu."

Siku ya tatu Mayala alikaa kitako akamtazama mkewe bila utani. Alimwambia kuwa mikono yake ni mizuri kuliko ya kwake. Kashindye alimjibu kwa mzaha, lakini neno lile lilimwingia, na alikwenda nalo Kisesa.

Wiki zile za kwanza zilikwenda vizuri. Kila Jumapili Mayala alipanda baiskeli yake kutoka mjini, akafika nje ya ua wa minyaa wa Ng'washi, akakohoa ili mwenye nyumba ajue, akaketi kwenye kigoda alicholetewa na Kija. Kashindye alitoka akaeleza yaliyofanyika wiki nzima, akapewa maagizo, akaingia ndani kuyatekeleza, akatoka tena. Ng'washi alisikia kila neno kutoka ndani na kujifanya hasikii kitu. Mayala naye hakusema mama hata mara moja; alisema mgonjwa. Mwambie mgonjwa asilalie mkono ule. Na kutoka ndani Ng'washi akajibu, mwambie huyo mganga wa mjini mkono ni wangu nitaulalia nipendavyo. Kija alikuwa akisikiliza pande zote mbili huku akijiziba mdomo kwa khanga.

Wiki ya tatu mdomo ukarudi mahali pake. Akaweza kuketi. Katikati ya Novemba akasimama, akashika mwimo wa mlango, akapiga hatua mbili tatu mpaka kizingitini. Kashindye alifurahi akalia. Lakini Jumapili iliyofuata, mumewe alipomuuliza habari za mguu, akamweleza kama anavyouona: goti halikunjiki, unyayo unazungushiwa nje, vidole vinakwaruza chini. Mayala akaguna. Goti la kiharusi likiachwa likakakamaa, alisema, halitakunjika tena maisha yote. Likunjwe sasa. Mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni, kwa nguvu, hata akilalamika.

Kashindye akalikunja. Goti likavimba. Ng'washi aling'ata pindo la khanga yake na hakusema kitu, jasho likimtiririka usoni. Siku zikapita, wiki zikapita, goti lile likawa halina hata dalili ya kusikia. Na Kashindye alikuwa akihesabu siku, kwa maana alikwisha kumwambia daktari mkuu kuwa hawezi kumwacha mama yake chini, na daktari alikwisha kumjibu, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba nafasi itamngoja mpaka mwisho wa Desemba. Baada ya hapo watampa mwanamke mwingine. Kisesa yote ilijua: Ng'washi asipotembea, binti yake haendi popote.

Mchana mmoja, katikati ya kukunjwa, Ng'washi aliusukuma mkono wa binti yake kwa mkono wake mzima.

"Unaninyanyua ili uondoke," alisema.

Kashindye akasema sivyo, Mayu, mama yangu, nakunyanyua upone. Ulikuwa uongo, na wote wawili walijua. Akatoka, akaenda nyuma ya jiko, akakaa juu ya kuni na kulia kwa aibu, maana ni kweli kila alipolikunja goti lile aliiona meli ya Kisumu, ya kuanzia safari yake, ikitoa moshi bandarini. Na pamoja na aibu yote hiyo, kesho yake asubuhi alilikunja tena mara ishirini. Hilo ndilo lililomtesa miaka mingi baadaye, kuliko hata maneno ya mama.

Uhuru ukaja siku ya Jumamosi. Barabarani malori yalipita kutwa yamejaa watu wanaoimba, na vigelegele vilifika mpaka ndani ya nyumba. Ng'washi alikaa kitandani akasikiliza. Jumapili asubuhi alimwambia binti yake kwamba amechoka kutembea ndani kama panya. Watu wote wametoka nje kwao, na yeye anataka kutembea uani.

Basi wakatoka. Ua ulikuwa umefagiwa, ardhi ngumu imeshikana baada ya mvua. Mayala naye alikuwa ndiyo kwanza amefika, kibendera cha karatasi kikipepea kwenye usukani wa baiskeli, macho mekundu kwa shangwe za jana. Aliposikia kuwa mama mkwe yuko nje alijigeuza upesi, akaupa ua mgongo. Akawa hana la kufanya ila kusikiliza. Wiki zote zile alikuwa amesikia maneno kuhusu mguu ule. Leo ndiyo mara ya kwanza aliusikia mguu wenyewe.

Ng'washi alipopumzishwa kwenye kigoda, Mayala alimwita mkewe nje.

"Mguu unaosikika ukigonga chini ni upi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndio huo wa kushoto."

"Anaukanyaga kwa nguvu. Mtu mwenye kiharusi hauamini mguu wake, anauweka chini kama anaweka yai. Yeye anauamini."

"Ndivyo anavyotembea siku zote," Kashindye alisema.

"Siku zote zipi?"

Polepole, Kashindye akamweleza. Ng'washi alipigwa teke na ng'ombe akiwa msichana, kabla hajaolewa. Goti halijakunjika sawasawa tangu siku hiyo. Unyayo unazungushiwa nje. Vidole vinakwaruza.

Mayala aliketi chini, si kwenye kigoda chake, chini kabisa kwenye majani yenye maji. Hakumkaripia. Alimuuliza tu mbona hakumwambia, na Kashindye akamuuliza yeye angeanzaje, mwanamke mwenye adabu zake, kukaa mbele ya mumewe na kumwambia mama mkwe wako ni kiwete. Na hiyo bado haikuwa kweli yote. Kweli yote ni kwamba hakujua kuwa ni kilema. Mtoto hajui kuwa mama yake anachechemea. Anajua tu kwamba ndivyo mama anavyokuja.

Mayala naye alikuwa na lake. Kule chuoni, alisema, swali la kwanza walilokaririshwa mpaka wakaliota ni hili: mgonjwa alikuwa akitembeaje kabla hajaugua? Alimuuliza mchimba makaa, alimuuliza mvuvi wa Nansio. Hili la mama mkwe hakuliuliza, kwa sababu mwanamume haulizi mwendo wa mama mkwe wake. Wameheshimiana, wakaheshimiana, mpaka wakampa mama wa watu karibu mwezi mzima wa maumivu, wakilivunjavunja goti lililokwisha kujiponea zamani, Kashindye hata hajazaliwa.

Kashindye akarudi uani. Akapiga magoti mbele ya kigoda cha mama yake, akalishika goti lililovimba kwa viganja viwili.

"Mayu, nisamehe. Mguu huu haukuwa na ugonjwa tena. Ni ule ule wako wa zamani. Nimekuumiza bure."



"Nilijua," Ng'washi alisema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile niliyofika kizingitini nilijua mguu wangu umerudi kama ulivyokuwa. Mguu ni wangu, nisiujue?"

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema, ungemaliza. Ungemaliza, ungeondoka."

Kashindye alisimama. Alipita mlangoni pa ua, akampita mumewe, akaenda mpaka kwenye shamba la mihogo la Kija, akasimama katikati yake na hasira ambayo hakupata kuwa nayo kabla. Mama yake mzazi amemfanya mtesaji. Kila asubuhi ishirini, kila jioni ishirini, na mama mwenyewe ameng'ata khanga na kunyamaza. Alitaka kupiga kelele. Alisimama pale mpaka miguu ikamuuma, na hasira, ambayo mwanzo ilikuwa ya mama peke yake, ikaanza kumgeukia yeye. Mmoja alikuwa akikunja ili aende. Mwingine alikubali kukunjwa ili asiachwe. Wote wawili waliliita jambo lile matibabu.

Alirudi akasema kile alichoona ndicho cha haki. "Sitakwenda, Mayu."

"Utakwenda," Ng'washi alisema. "Mwanzoni, nilipokuwa siwezi hata kugeuka, mkono wako ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nalala nikiungoja. Halafu ukawa mzito. Sikuwa naumwa goti, mwanangu, nilikuwa naumwa huo mkono. Ukibaki hapa kwa sababu yangu utazidi kuwa mzito. Nenda kwa hao wazungu wakufundishe usiwe hivyo."

Kashindye alilaza kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake, na mama yake akamwekea mkono kichwani, ule wa kushoto, ambao vidole vyake vilikuwa bado havijui kushika vizuri.

Tangu siku ile goti liliachwa lipumzike, na kazi ikahamia kwenye vidole. Ng'washi aliletewa karanga za kumenya, debe zima, na Mayala akatuma salamu kutoka nyuma ya minyaa kwamba mgonjwa azile pia. Kija alihamishia kitanda chake kwa Ng'washi. Desemba haijaisha, barua ilikwenda kwa daktari mkuu kusema nakuja.

Alhamisi ya kwanza ya Januari basi la kutoka Magu lilisimama Kisesa kama kawaida, utingo akapanda juu kufunga magunia. Mayala alikuwa amekuja kumchukua mkewe ampeleke bandarini, na alipoona ni nani anayekuja pamoja naye kwenye kijia, alipanda basi haraka, akakaa dirisha la upande wa pili na kugeuza uso ziwani, ijapokuwa ziwa halionekani kutoka pale. Abiria walimshangaa. Ng'washi alikuwa anatembea. Alikataa fimbo, akakataa bega la Kija, akafika barabarani kwa miguu yake, uso umelowa jasho.

Waliagana kwa maneno machache, kwa sababu mengi yalikwisha kusemwa. Ng'washi alimpapasa binti yake shavuni. Kashindye akapanda, akakaa kando ya mumewe.

"Anatembeaje?" Mayala aliuliza, bado ametazama dirisha lake.

"Anachechemea."

"Vizuri. Vizuri sana."

Kashindye aligeuka amwangalie mama yake amesimama kando ya barabara, kama wanavyosimama wanaoagwa, mpaka gari lipotee. Miezi mitatu alikuwa ameiogopa picha hiyo: mama anabaki, yeye anaondoka. Lakini utingo alikuwa bado juu na magunia, dereva bado anakunywa chai, na mama hakuwa kando ya barabara. Alikuwa amekwisha kugeuka. Alikuwa anakwenda zake kwenye kijia, mguu wa kushoto ukichora nusu duara vumbini, taratibu, bila haraka na bila kusimama. Kashindye alingoja atazame nyuma. Hakutazama. Akapita shamba la mihogo, akaufikia ua, na minyaa ikamficha.

Kashindye akalia pale pale mbele ya abiria wote, hakujificha. Mayala akashtuka, akamshika mkono, akamuuliza kwa wasiwasi kama mgonjwa ameanguka.

"Hapana," alisema. "Amekwenda zake."